Ridhaa, Nasaha na Kinga: Athari za Janga la UKIMWI katika Lugha ya Utafiti, Huduma na Elimu ya Tiba nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kutoa taarifa za ugonjwa huo, na utafiti wa kitaifa wa 2003-04 ulionyesha kwamba asilimia 7 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 Tanzania Bara walikuwa na virusi. Madhara ya janga hili kwa uhai wa watu, kwa familia na kwa uchumi yameelezwa kwa kina na wataalamu wa fani mbalimbali. Wanaisimu nao wamelichunguza, aghalabu kwa upande wa misimu na tafsida zilizozuka mitaani. Jambo ambalo bado linahitaji kufafanuliwa ni namna janga hili lilivyobadili nafasi ya lugha ndani ya kazi yenyewe ya tiba.

Kabla ya janga hili, sehemu kubwa ya shughuli za hospitali iliweza kutendeka kwa maneno machache. Mgonjwa wa malaria alieleza mahali panapouma, akapimwa damu, akaandikiwa dawa. UKIMWI haukuruhusu ufupi huo. Tangu ulipotambuliwa hadi mpango wa taifa wa kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi ulipoanza mwaka 2004, takribani miaka ishirini ilipita ambamo mganga hakuwa na dawa ya kuwapa wengi wa wagonjwa wake. Alichokuwa nacho ni maneno: kueleza, kushauri, kuonya, kuomba ridhaa, kutunza siri. Kwa sababu hiyo, maneno ya Kiswahili ambayo hapo awali yalikuwa pembezoni mwa tiba yalijikuta katikati yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kiliupa ugonjwa huu jina kwa wepesi na kwa ufanisi, lakini hakikufanikiwa kwa kiwango hicho katika kutaja uhusiano mpya kati ya mtafiti na mtafitiwa, na kati ya mganga na mgonjwa. Maneno yaliyochaguliwa kubeba uhusiano huo yalikuja na maana zake za zamani, na maana hizo ziliendelea kufanya kazi hata pale ambapo wataalamu walidhani wamekwisha kuziacha.

2.0 Ugonjwa na jina lake

Majina ya mwanzo yalitokana na mazingira ya biashara ya mpakani. Katika Kagera ugonjwa uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilichoingizwa kutoka Uganda, kwa kuwa waliougua mwanzoni walihusishwa na biashara hiyo. Uganda kwenyewe ulijulikana kama silimu, neno lenye asili ya Kiingereza linalorejelea kukonda. Majina yote mawili yalitaja kile kilichoonekana: mtu wa biashara na mwili uliodhoofu. Hayakutaja kile kisichoonekana, yaani chanzo na namna ya kuambukizwa.

Istilahi UKIMWI, iliyoenea katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, ilikuwa ya namna nyingine. Imeundwa kwa kuchukua silabi kutoka katika maneno Upungufu wa Kinga Mwilini. Ubora wake kimofolojia uko katika mambo mawili. Kwanza, kilichochukuliwa ni silabi (U-KI-MWI) na si herufi za mwanzo tu, hivyo akronimu hii hutamkwa kama neno lolote la Kiswahili. Pili, silabi ya kwanza inalandana na kiambishi u- cha ngeli inayotaja hali na maradhi kama vile ukoma, upofu na utapiamlo. Msemaji asiyejua kirefu chake hulitumia bila taabu: UKIMWI umeingia, UKIMWI unaua.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama. Neno lilipokuwa la kawaida, lilimeza dhana jirani yake. VVU, yaani virusi vya UKIMWI, ni kifupisho kinachotamkwa herufi kwa herufi, na hakikupata nafasi katika mazungumzo ya kila siku. Matokeo yake ni kwamba tofauti kati ya maambukizi na ugonjwa, ambayo ni ya msingi kitabibu, ilififia katika lugha. Watu walikwenda "kupima UKIMWI", na aliyekutwa na virusi akasemwa kuwa "ana UKIMWI" hata kama angeweza kukaa miaka mingi bila kuugua. Mitaani akronimu ya Kiingereza AIDS ilipewa kirefu cha dhihaka, Acha Iniue Dogedoge Siachi. Dhihaka hiyo inaonyesha kwamba wasemaji walielewa vizuri mbinu ya kuunda akronimu, na pia kwamba ujumbe wa kuogofya ulikuwa umekwisha kuzoeleka.

3.0 Utafiti wa tiba

3.1 Kutoka kwa mgonjwa hadi kwa jamii

Janga hili lilibadili utafiti wa tiba Afrika Mashariki kwa ukubwa na kwa mbinu. Mfano unaojulikana sana ni utafiti uliofanyika mkoani Mwanza kuanzia mwaka 1991. Jamii 12 ziligawanywa katika jozi sita. Katika kila jozi, jamii moja ilianza kupata huduma iliyoboreshwa ya kutibu magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya, na nyingine ikaipata baadaye. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takribani asilimia 40 katika jamii zilizopata huduma hiyo. Utafiti wa Rakai nchini Uganda, uliotumia njia ya kuwapa watu wote dawa kwa wakati mmoja, haukuonyesha punguzo kama hilo matokeo yake yalipotolewa mwaka 1999. Tofauti hiyo ilizua mjadala mrefu kuhusu hatua ya janga katika sehemu hizo mbili na kuhusu aina ya huduma iliyotolewa.

Kwa mwanaisimu, tafiti za namna hii zina jambo jingine. Kinachopangiwa kundi ni jamii nzima, lakini anayetoa damu ni mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo pana makubaliano ya ngazi mbili. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, kauli "kijiji kimekubali" inajitosheleza: viongozi wamekaa, neno limetoka, na mtu binafsi hatarajiwi kulirudia. Maadili ya utafiti yanataka kinyume chake, yaani kwamba kukubali kwa kijiji kusimfunge hata mwanakijiji mmoja. Neno lililochaguliwa kubeba dai hili ni ridhaa.

3.2 Ridhaa

Ridhaa na radhi zina mzizi mmoja wa Kiarabu. Katika utamaduni wa Waswahili, radhi ni jambo linaloshuka kutoka juu. Mtoto hutafuta radhi za wazazi, naye mwenye kosa humwomba radhi aliyemkosea. Ridhaa ya mzazi huhitajika katika ndoa, na hata pale ambapo bibi harusi anaulizwa ridhaa yake, swali hilo huulizwa mbele ya wakubwa wake. Mwenye kutoa ridhaa, basi, ni mwenye mamlaka, au angalau mwenye haki inayotambuliwa na wote waliopo.

Fomu ya ridhaa ya utafiti inageuza mwelekeo huo. Mtafiti, mwenye elimu, gari na dawa, ndiye anayeomba. Mwanamke wa kijijini, aliyekuja kliniki na mtoto mgongoni, ndiye anayetoa. Kwa upande mmoja uteuzi wa neno hili ni wa kusifiwa, kwa kuwa unampa mtafitiwa hadhi ya mwenye mamlaka. Kwa upande mwingine neno peke yake haliwezi kuumba mamlaka ambayo mazingira hayana. Pale ambapo kliniki ya utafiti ndiyo yenye dawa na kliniki nyingine haina, kitenzi kinachotumika kwa kweli si kuridhia bali ni kukubali, na wakati mwingine ni kutii. Kiswahili kinatofautisha vitenzi hivi vitatu kwa uwazi. Fomu, kwa kuwa inatumia kimoja tu, haionyeshi ni kipi kilichotendeka.

3.3 Nasibu na dawa bandia

Ugumu ulizidi pale ilipobidi kueleza mbinu zenyewe za utafiti. Mwaka 1994 utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa ulithibitisha kwamba dawa ya zidovudini ilipunguza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kutoka asilimia 25.5 hadi asilimia 8.3. Utaratibu huo ulikuwa mrefu na ghali. Kwa hiyo tafiti kadhaa zilianzishwa Afrika na Asia ili kupima taratibu fupi zaidi, na baadhi yake zililinganisha dawa na kidonge kisicho na dawa. Mwaka 1997 jambo hili lilizusha mabishano makali katika majarida ya tiba: je, ni haki kumpa mama mjamzito kidonge kitupu ilhali dawa inayofaa inajulikana? Miongoni mwa tafiti zilizohusika ni ule wa Petra, uliofanyika Afrika Kusini, Kampala na Dar es Salaam. Kundi lake la kidonge kitupu lilisitishwa mwezi Februari 1998, baada ya matokeo ya Thailand kujulikana. Mabishano hayo yalichangia marekebisho ya Azimio la Helsinki mwaka 2000.

Mabishano hayo yaliendeshwa kwa Kiingereza. Swali ambalo halikupata nafasi kubwa ni hili: mama wa Dar es Salaam angeelezwaje, kwa Kiswahili, kile anachoombwa akiridhie? Istilahi iliyozoeleka ni dawa bandia. Neno bandia, hata hivyo, lina maana thabiti katika matumizi ya kila siku: fedha bandia, cheti bandia, dawa bandia zinazokamatwa madukani. Kinachotajwa ni kitu cha udanganyifu ambacho anayekitoa anastahili kushtakiwa. Kumwambia mtu kwamba huenda akapewa dawa bandia hospitalini ni kumwambia kwamba huenda akatapeliwa. Waliojaribu kuepuka tatizo hilo walitumia maelezo kama "kidonge kisicho na dawa" au wakatohoa plasebo. Njia ya kwanza ni bora zaidi, kwani inasema ukweli bila kuleta shutuma; njia ya pili inatimiza sharti la fomu lakini haimwelezi msikilizaji lolote.

Hali kadhalika, kuchagua watu bila upendeleo kuliitwa kupanga kwa nasibu, na katika maelezo ya mdomo kulilinganishwa na bahati nasibu. Mfano huo unaeleweka mara moja, lakini unapotosha. Katika bahati nasibu pana mshindi na pana aliyekosa, na kila mtu anajua zawadi ni ipi. Katika utafiti halali, kinyume chake, hakuna ajuaye ni kundi gani litakalofaidika. Ndiyo sababu utafiti unafanyika. Mshiriki aliyeelewa mfano wa bahati nasibu ameelewa kwamba kuna dawa nzuri na kwamba yeye huenda akainyimwa. Akijitoa hapo, haitakuwa kwa ujinga bali kwa kufuata mantiki ya neno alilopewa.

Maneno majaribio na kuchukuliwa damu yalikuwa na mzigo mwingine. Tangu enzi za ukoloni, uvumi wa mumiani, yaani watu wanaodaiwa kunyonya damu ya wengine kwa ajili ya dawa, umekuwa ukisikika katika pwani na bara. Utafiti unaoanza kwa kutoa damu na kuendelea kwa kauli "mtafanyiwa majaribio" unaingia moja kwa moja katika hadithi hiyo. Kauli ya kutendewa, yenye -iw-, inamfanya mshiriki kuwa kitu kinachotendewa. Kauli kama "kushiriki katika utafiti" inamrudishia utendaji, na ni dalili njema kwamba ndiyo iliyotawala katika fomu za baadaye.

4.0 Huduma za afya

4.1 Kupimwa, kupima, kujipima

Mabadiliko katika huduma yanaweza kufuatwa kwa kuangalia kitenzi kimoja. Kisarufi, mgonjwa hupimwa na mganga hupima. Huduma za kupima kwa hiari zilipoenea, hasa baada ya vituo vya ANGAZA kuanzishwa mwaka 2001, wasemaji wengi walianza kusema "nimepima" wakimaanisha kwamba wamepimwa. Kampeni ya Tanzania Bila UKIMWI Inawezekana, iliyozinduliwa na Rais Jakaya Kikwete tarehe 14 Julai 2007 kwa yeye mwenyewe kupimwa hadharani, ilieneza zaidi matumizi hayo. Wapo wanaoliona hilo kuwa kosa. Lakini lina mantiki yake: aliyekwenda kwa hiari yake hujiona kuwa mtenda, na kauli ya kutenda ndiyo inayomfaa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima, na yakashusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Katika kupimwa, kupima na kujipima imo historia fupi ya kuhama kwa mamlaka kutoka kwa mganga kwenda kwa mtu mwenyewe.

4.2 Ushauri nasaha

Mhudumu wa UKIMWI alitakiwa kufanya kazi ambayo mafunzo ya awali hayakumwandalia: kukaa na mtu, kumsikiliza, na kumsaidia aamue mwenyewe. Kazi hii iliitwa ushauri nasaha. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu na yote mawili yanahusu kutoa shauri. Nasaha ni maneno ya hekima anayopewa mdogo na mkubwa wake. Istilahi hii, basi, inasisitiza mara mbili jambo lile lile ambalo mbinu yenyewe inataka liepukwe. Si ajabu kwamba wateja wengi walitarajia kuambiwa la kufanya, na kwamba wahudumu nao walielekea kuwaambia. Istilahi mbadala, unasihi na mnasihi, ina faida ya ufupi lakini inabaki katika mzizi ule ule. Hapa lugha haikushindwa. Ilitafsiri shughuli ngeni kwa kutumia uhusiano iliokuwa ikiujua.

4.3 Dawa, tiba na kinga

Kwa miaka mingi ujumbe mkuu wa umma ulikuwa kwamba UKIMWI hauna dawa. Katika Kiswahili cha kawaida dawa ni kile kinachoondoa tatizo; ndiyo maana hata utatuzi wa mgogoro huitwa dawa yake. Dawa zilipoanza kutolewa mwaka 2004, kauli ile ilibidi ipasuliwe: dawa ipo, uponyaji haupo. Majina yaliyotolewa yanaonyesha jitihada za kuziba ufa huo: dawa za kurefusha maisha, dawa za kupunguza makali, na baadaye dawa za kufubaza virusi. La kwanza linataja matokeo kwa mgonjwa, na kwa kutaja kurefusha linakumbusha kifo. La tatu ni sahihi zaidi kitabibu, kwa kuwa kinachofubaa hupotewa na nguvu yake bila kutoweka. Linamweleza mgonjwa, kwa neno moja, kwa nini anapaswa kumeza dawa kila siku hata akijisikia mzima.

Neno kinga lilipata mzigo mkubwa kuliko yote. Lilimaanisha uwezo wa mwili kupambana na maradhi, kama katika jina la ugonjwa wenyewe. Likamaanisha hatua za kuzuia maambukizi, kinyume cha tiba. Na kama tafsida likamaanisha kondomu. Katika mazungumzo ya dakika chache mgonjwa aliweza kuambiwa kwamba kinga yake imeshuka, kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na kwamba asisahau kutumia kinga. Mhudumu anatenganisha maana hizi kwa sababu alizisoma kwa Kiingereza kama maneno matatu. Msikilizaji hana msaada huo.

Kuhusu majina ya watu, badiliko lilikuwa la makusudi. Neno waathirika limejengwa kwa kauli ya kutendeka, -ik-, ambayo humwonyesha mtu kuwa amepatwa na jambo. Vyama vya watu wenye virusi vilipendelea "wanaoishi na VVU", kauli yenye kitenzi cha kutenda. Kutoka humo ikapatikana akronimu WAVIU, ambayo kwa bahati njema inaanza na wa- ya ngeli ya watu.

5.0 Elimu

Katika shule za msingi, zinazofundisha kwa Kiswahili, janga hili liliingiza mada ambazo awali hazikuzungumzwa na mwalimu mbele ya darasa la watoto wa kike na wa kiume. Mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mkoani Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jamii 20, ulitathminiwa kwa uangalifu mkubwa. Ujuzi wa wanafunzi uliongezeka kwa uwazi, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua kwa namna inayoweza kuthibitishwa. Funzo lake kwa wanaisimu ni la unyenyekevu: kuelewa maneno ni sharti la lazima, lakini si sharti la kutosha. Msichana anayejua kujieleza darasani huenda asiwe na nafasi ya kuyasema hayo hayo nje ya darasa.

Katika elimu ya juu hali ni tofauti. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1963, kikawa kitivo cha Chuo Kikuu mwaka 1968 na hatimaye Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili mwaka 2007. Katika vipindi vyote hivyo lugha ya kufundishia udaktari imekuwa Kiingereza. Daktari kijana, basi, hujifunza tiba kwa lugha moja na kuitenda kwa lugha nyingine, na tafsiri huifanya peke yake, kitandani pa mgonjwa. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kazi hizo ni muhimu, lakini kamusi hutoa visawe vya majina ya viungo, maradhi na vifaa. Haitoi namna ya kumweleza mtu kwamba hakuna ajuaye kama dawa hii itamfaa.

6.0 Hitimisho

Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwezi Machi 2020 na shule kufungwa hadi mwezi Juni, njia ilikuwa imekwisha kuchongwa. UVIKO iliundwa kwa kanuni ile ile ya UKIMWI, silabi kwa silabi, kutokana na Ugonjwa wa Virusi vya Korona. Barakoa, vazi la uso la wanawake wa pwani, lilipanuliwa maana kwa urahisi. Lakini chanjo ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021, pingamizi lililosikika mara kwa mara lilikuwa kwamba watu wanafanyiwa majaribio. Neno lilikuwa lile lile la miaka thelathini iliyopita, na bado halikuwa na jibu lililoandaliwa kwa Kiswahili.

Hoja ya makala haya ni kwamba pengo lililobaki haliko katika majina ya vitu bali katika vitenzi vya uhusiano: kuridhia, kushauri, kujaribu, kupanga kwa nasibu. Kuliziba si kazi ya kuunda istilahi pekee. Kamati za maadili ya utafiti hutaka fomu itafsiriwe kwa Kiswahili. Inafaa zitake pia ithibitishwe kwamba waliosomewa wameielewa, kwa kuwaomba waieleze kwa maneno yao wenyewe. Vyuo vya tiba vinaweza kumfundisha mwanafunzi, kabla hajafika wodini, kueleza kwa Kiswahili kile anachokijua kwa Kiingereza. Idara za Kiswahili nazo zina wajibu wa kupeleka wanafunzi wao wa uzamili kliniki, wakasikilize ni neno gani linamfikia mgonjwa na ni lipi linaishia kwenye karatasi. Mama aliyeombwa ridhaa mwaka 1997 alistahili kuelewa maana ya kidonge alichopewa, naye atakayeombwa katika janga lijalo atastahili hivyo hivyo.